Masasisho ya Simu: Uamuzi ni Wako
Kifurushi cha intaneti kilichonunuliwa jioni Kibondo au Kasulu chaweza kukutwa kimekwisha alfajiri, ilhali mwenye simu alikuwa amelala: simu imejisasisha yenyewe. Sasisho moja la mfumo wa simu laweza kuzidi MB 1,000.

Kwa simu ya Android, fungua Play Store, gusa picha ya wasifu, ingia Mipangilio, kisha Mapendeleo ya mtandao, uchague programu zisasishwe kwa Wi-Fi pekee. Masasisho ya mfumo hutafutwa katika Mipangilio ya simu yenyewe.

Hata hivyo, usiache kusasisha kabisa, kwani masasisho huziba mianya ambayo wezi huipitia kufikia fedha zako. Usipokuwa na Wi-Fi, tenga sehemu ya kifurushi, usasishe programu za fedha kwanza.