Fomu W-4 na Makato ya Kodi ya Mwajiriwa Nchini Marekani

Nchini Marekani, anayeanza kazi hupewa na mwajiri fomu fupi iitwayo W-4, ambayo huijaza ili mwajiri ajue kiasi cha kodi ya mapato ya serikali kuu atakachokikata katika kila mshahara. Kodi halisi ya mwaka hukokotolewa baadaye katika ritani, yaani taarifa ya mapato ambayo kwa kawaida huwasilishwa ifikapo Aprili 15 ya mwaka unaofuata, na hapo aliyekatwa zaidi hurudishiwa, na aliyekatwa pungufu hudaiwa. Kwa hiyo W-4 haipunguzi wala haiongezi kodi ya mtu. Huamua tu ailipe kidogo kidogo au aje kuilipa kwa mkupuo. Nchini Tanzania, katika utaratibu wa Lipa Kadiri Unavyopata, mhasibu hufuata jedwali la viwango bila kumuuliza mfanyakazi ameoa au ana watoto wangapi, lakini Marekani mambo hayo hubadilisha kodi, na mwajiri hawezi kuyajua asipoelezwa.

Fomu inayotumika sasa ilianza mwaka 2020, ikiwa na sehemu tano, ambazo kati yake ya kwanza na ya mwisho ndizo za lazima kwa kila mtu. Ushauri ambao bado husikika kwa wenyeji wa zamani, kwamba mgeni aandike sifuri au moja, ulihusu fomu ya kabla ya hapo na hauna tena mahali pa kuandikwa.

Sehemu ya kwanza hutaka jina, anwani, namba ya Hifadhi ya Jamii na hali ya mlipakodi: asiye na ndoa au mwanandoa anayewasilisha ritani peke yake, wanandoa wanaowasilisha ritani moja, au mkuu wa kaya. Hali hii ya tatu huwaponza wengi, kwa kuwa mume anayeishi na mkewe, hata akiwa ndiye mlezi wa nyumba kwa desturi, haistahili; imewekwa hasa kwa asiye na ndoa anayebeba zaidi ya nusu ya gharama za nyumba anamoishi na mtoto au mtegemezi mwingine anayekubalika kisheria.

Kosa la gharama kubwa zaidi, hata hivyo, hufanyika katika sehemu ya pili, inayowahusu wenye kazi zaidi ya moja na wanandoa ambao wote wameajiriwa, kwa sababu kila mwajiri hukata kodi kana kwamba mshahara anaoulipa yeye ndio pato pekee la nyumba nzima. Kwa viwango vya mwaka 2024, wanandoa wenye ritani moja hawakutozwa kodi kwa dola 29,200 za mwanzo. Mume na mke wasio na watoto, kila mmoja akilipwa dola 40,000 kwa mwaka, wakiiruka sehemu hiyo, kila mwajiri ataondoa dola 29,200 nzima na kutoza asilimia 10 ya dola 10,800 zilizobaki, yaani dola 1,080, na makato ya wote wawili yatakuwa dola 2,160. Lakini katika ritani kiasi hicho huondolewa mara moja tu katika dola 80,000, kodi yao ikawa dola 5,632, hivyo watadaiwa dola 3,472, na huenda wakaongezewa adhabu ya kulipa pungufu. Kijisanduku kilichomo katika sehemu hiyo kikitiwa alama kwenye fomu zote mbili, kila mwajiri huondoa nusu tu, na makato hufikia dola 5,632 kamili.

Sehemu ya tatu ni ya wategemezi. Sheria ya mwaka 2025 ilipandisha nafuu ya kodi hadi dola 2,200 kwa mtoto wa chini ya miaka 17 mwenye namba ya Hifadhi ya Jamii. Mtegemezi mwingine huleta dola 500. Watoto waandikwe kwenye fomu moja tu, ile ya kazi yenye mshahara mkubwa zaidi. Mama aliyeko Kigoma au Mombasa, hata akitumiwa fedha kila mwezi, hahesabiki, kwani mtegemezi asiye raia wa Marekani sharti awe mkazi wa nchi hiyo, wa Kanada au wa Meksiko. Sehemu ya nne, ya mapato mengine, gharama zinazopunguza kodi na makato ya ziada, wengi huiacha wazi bila madhara.

Kudai msamaha wa makato kunamfaa tu yule ambaye mwaka uliopita hakuwa na kodi yoyote ya kulipa na anatarajia vivyo hivyo mwaka huu, na hata yeye huendelea kukatwa asilimia 6.2 ya Hifadhi ya Jamii na 1.45 ya Medicare, yaani bima ya afya ya wazee. Sahihi ya sehemu ya tano huwekwa chini ya onyo la adhabu ya kiapo cha uongo.

Fomu mpya inaweza kujazwa wakati wowote, na mwajiri ana takriban siku 30 za kuanza kuifuata, lakini haisahihishi mishahara iliyokwisha kulipwa; aliyeoa au kupata mtoto mwezi Machi asingoje Desemba.