Programu ya bure ya kumbukumbu za shamba: nani anaitunza?

Leo tuweke pembeni kidogo mambo ya kantangaze na bei ya mbolea. Kuna kitu wengi wenu mnatembea nacho mfukoni kila siku na sijawahi kukiongelea vizuri hapa: programu ya simu au ya kompyuta unayoandikia kumbukumbu za shamba. Swali la leo ni moja tu. Ikiharibika, nani anaitengeneza?

Nianze na kosa langu

Miaka michache iliyopita nilikuwa nasimamia kikundi cha vijana saba wanaolima nyanya na hoho kwa umwagiliaji. Kaka wa mmoja wao alikuwa fundi wa kompyuta, akawatengenezea programu ndogo ya simu. Ilikuwa hobi yake, anaifanya jioni akitoka kazini, na hakudai hata shilingi. Unaandika tarehe ya kupanda, dawa uliyopiga, kipimo, siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na kilo ulizouza. Nikaiona, nikaipenda, nikawaambia vijana waachane na madaftari.

Misimu mitatu mambo yakaenda vizuri. Msimu wa nne simu zikajisasisha, programu ikagoma kufunguka. Kumpigia yule kaka, kumbe kapata kazi mbali, na kompyuta aliyotengenezea ile programu ilishakufa. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa na nakala. Wiki hiyo hiyo mnunuzi wa hoho akataka kuona kumbukumbu za dawa. Hawakuwa na karatasi hata moja ya kumwonyesha. Mzigo ukaishia sokoni kwa bei ya siku ile, na mnajua bei ya siku ile huwa inakuwaje.

Yule kaka hakutukosea, alijitolea. Kosa lilikuwa letu: watu saba tulitegemea kitu kimoja, halafu tukamwachia mtu mmoja kukitunza. Na mimi ndiye niliyewashauri.

Bure sio huria

Hapa ndipo wengi tunachanganya. Programu ya bure ni ile usiyoilipia. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani yale maelekezo aliyoandika fundi ili kompyuta iyafuate, umewekwa wazi, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuutumia, kuusoma, kuurekebisha na kuwapa wengine.

Fikiria miche ya parachichi. Mtu akikupa miche bure, unashukuru, lakini ikifa unarudi kwake. Akikupa na vikonyo, akakufundisha na kubebesha, hapo kitalu ni chako. Programu ya yule kaka ilikuwa ya bure lakini haikuwa huria. Angekuwa ameuweka msimbo wazi, tungetafuta fundi mwingine akaendelea pale alipoishia mwenzake.

Jambo hili lilishatokea kwenye miradi mikubwa. Mwaka 2010 mafundi wengi waliokuwa wakiitengeneza OpenOffice hawakuridhika na mwelekeo wa kampuni iliyokuwa ikiisimamia. Kwa kuwa msimbo ulikuwa huria, waliuchukua wakaanzisha LibreOffice, na mpaka leo watu wanapigia mahesabu humo bila kulipa. Kwa upande wetu wa kilimo ipo farmOS, iliyoanzishwa na Michael Stenta wa Marekani. Nayo ni huria: unaingiza mashamba yako, mazao, mifugo na vifaa, kisha unaandika kila kazi iliyofanyika, kuanzia kupanda na kuweka pembejeo hadi kuvuna.

Matunzo ni msaragambo

Wa Kilimanjaro mnaijua mifongo, ile mifereji ya asili inayoshusha maji kutoka mlimani. Mfongo haufi kwa siku moja. Majani yanaota pembeni, tope linajaa, fuko anatoboa ukingo. Ndo maana kuna msaragambo: kila kaya inayotumia maji inatoa mtu, na asiyekuja anatozwa faini.

Programu nayo iko hivyo hivyo. Haiozi, lakini vitu vinavyoizunguka vinabadilika. Simu zinapata mfumo mpya, programu nyingine ambazo yenyewe inazitegemea zinarekebishwa, wezi wa mtandaoni wanagundua tundu. Kila badiliko linataka mtu akae chini atengeneze. Kwenye mradi huria unaotunzwa vizuri, kazi hiyo imegawanywa:

- Watunzaji. Hawa ndio wenye funguo. Wanaamua badiliko gani liingie na toleo jipya litoke lini.
- Wachangiaji. Wanaandika marekebisho na kuyapendekeza kwa watunzaji. Wengine wanatafsiri, wengine wanaandika maelezo ya matumizi.
- Watumiaji wanaotoa taarifa. Wanasema nini kimeharibika na kimeharibikaje. Ni kundi kubwa kuliko yote, na sisi tumo humo.

Kila badiliko linabaki kwenye historia: nani kabadilisha, nini, na lini. Miradi mingi inatumia Git kwa kazi hiyo, mfumo alioutengeneza Linus Torvalds mwaka 2005. Na badiliko la mtu mmoja linasomwa na mwingine kabla halijaingia. Ni kama hesabu za kikundi: mweka hazina anaandika, mwingine anakagua.

Mzigo ukimwelemea mmoja: kisa cha xz

xz ni programu ndogo ya kubana mafaili ili yachukue nafasi kidogo. Huenda hujawahi kuisikia, lakini imo ndani ya karibu kila mfumo wa Linux, na Linux ndiyo inayoendesha seva nyingi sana duniani. Kwa miaka mingi mtunzaji wake alikuwa mtu mmoja, Lasse Collin wa Ufini, akiifanya kwa mapenzi yake bila malipo.

Mwaka 2022 watu wakaanza kumlalamikia hadharani kwamba anachelewa. Akajibu kwamba afya yake ya akili ilikuwa inamsumbua kwa muda mrefu, na akawakumbusha kuwa ile ni hobi, hailipwi. Wakati huo alikuwepo msaidizi aliyejiita Jia Tan, ambaye tangu mwaka uliotangulia alikuwa akituma marekebisho. Polepole akaaminiwa, akapewa funguo. Februari na Machi 2024 yakatoka matoleo 5.6.0 na 5.6.1, na ndani yake kulikuwa na mlango wa siri wa kumwezesha aliyeuweka kuingia kwenye seva za watu.

Aliyeokoa jahazi ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft. Alikuwa anapima kasi ya programu nyingine kabisa, akaona kuingia kwenye seva kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida. Hakupuuza. Akafuatilia mpaka akaukuta ule mlango, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza. Matoleo yale yakaondolewa haraka kabla hayajaenea. Jia Tan akatoweka, na mpaka sasa haijulikani ni nani.

Kwangu mimi kisa hiki kina mambo mawili. Kwanza, mtunzaji mmoja aliyechoka ni hatari kwa wote wanaomtegemea, hata kama ni mtu mwema na fundi mzuri. Pili, kuongeza mikono peke yake hakutoshi. Ukichoka kulinda ghala, humpi funguo mgeni kwa sababu tu amekuja na tabasamu. Ndo maana kazi ya kukagua lazima igawanywe pamoja na kazi ya kutengeneza.

Kabla hujaweka kumbukumbu zako, kagua haya

1. Toleo la mwisho lilitoka lini? Kama ni miaka kadhaa iliyopita na simu zimeshabadilika, kaa chonjo.
2. Watunzaji ni wangapi? Akiwa mmoja si lazima uikatae, ila jua unasimama kwenye mguu mmoja.
3. Taarifa za hitilafu zinajibiwa? Soma chache za karibuni. Watu wakiuliza na hakuna anayejibu, hapo hakuna mwenye nyumba.
4. Leseni ni huria? Kama ndiyo, mtunzaji akiondoka mwingine anaweza kuendeleza.
5. Unaweza kutoa kumbukumbu zako zote? Jaribu kabla ya msimu kuanza, sio siku ya mnunuzi. Toa faili la CSV, lifungue kwenye LibreOffice au Excel, uone kama kila kitu kimo. Ikishindikana, usiitumie kwa kumbukumbu za dawa.

MUHIMU: Hata programu iwe nzuri vipi, kumbukumbu za dawa ziwe na nakala ya pili nje ya simu yako. Fanya hivyo kila mwisho wa mwezi.

Utasema: mimi sijui kuandika msimbo

Hata kwenye msaragambo si wote wanaoshika sururu. Wapo wanaobeba udongo na wapo wanaopika.

Kazi ya kwanza ni kutoa taarifa nzuri. Ukiniletea jani lenye madoa, ukaniambia tu "nyanya zinakufa", sina pa kuanzia. Ukiniambia aina ya mbegu, madoa yalianza lini, ulipiga dawa gani, hapo tunaelewana. Mtunzaji wa programu naye anataka hivyo hivyo: aina ya simu, toleo la programu, ulibonyeza nini, ulitegemea nini, na kilichotokea ni nini. Weka na picha ya skrini.

Kazi ya pili ni Kiswahili. Programu nyingi za kilimo zimejaa maneno ambayo fundi aliye mbali hawezi kuyatafsiri. Wewe unayejua tofauti ya kupalilia na kupandishia udongo ndiye mwenye kazi hiyo.

Kazi ya tatu ni pesa. Kikundi kinachochangia mafuta ya pampu kila wiki kinaweza kutenga kiasi kidogo kwa msimu kwa ajili ya mradi unaopokea michango.

Na jamani, tuwe na adabu. Mtu anayekutengenezea kitu usiku baada ya kazi yake, bila malipo, hafokewi kwa sababu kachelewa wiki mbili.

Kikundi chetu sasa

Wale vijana saba bado wanalima. Sasa wanatumia programu huria. Neno la siri wanalo watu wawili, na kila mwisho wa mwezi katibu anatoa kumbukumbu na kuzichapisha. Mmoja wao, dada anayelima hoho, ameanza kutafsiri maneno ya ile programu. Juzi alinipigia kuniuliza "siku za kusubiri" ziandikwe vipi ili mkulima asidhani anaambiwa asubiri programu ifunguke. Tulicheka, lakini swali lake lilikuwa la maana.

Kazi ya wiki hii: fungua programu yako, toa kumbukumbu za msimu uliopita, zihifadhi sehemu nyingine. Ikikushinda, niambie umekwamia wapi, tutasaidiana.

Kazi njema shambani.