Usiku wa giza, usiku wa mbalamwezi: kwa nini usingizi haufanani kila siku

Leo tuongelee kulala. Usinicheke, soma kwanza. Jana ulilala kama gogo, leo unageuka geuka mpaka jogoo wa jirani anawika, kesho unalala tena kama mtoto. Kitanda kile kile, neti ile ile. Inakuwaje?

Kilichonifanya niandike ni braza wangu, mtoto wa baba mkubwa, ambaye anavua dagaa hapa kwetu Mwanza, upande wa Igombe. Kwa wale wasioijua hiyo kazi: dagaa wa Ziwa Victoria wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai tupu, siku hizi wengi wana taa za umeme wa jua. Taa inaelea juu ya maji, inavuta wadudu na vijidudu, dagaa wanafuata, nyavu inawazunguka. Lakini mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote linang'aa, taa haina maana tena. Kwa hiyo kazi inafanyika siku za giza, na mbalamwezi ikija watu wanapumzika siku kadhaa.

Ungetegemea siku hizo braza alale mpaka achoke. Wapi! Akanipigia simu: "Dogo, ziwani nasinzia, kitandani nakodoa macho. Huyu mtu aliyeniroga ni nani?"

Jamaa mmoja kambini akamshauri anunue vidonge vya usingizi. Akanunua, bila cheti cha daktari, akameza. Akalala. Akaona dawa ndiyo hiyo. Giza liliporudi akawa anameza asubuhi akitoka ziwani, ili mchana apate usingizi. Usiku mmoja akiwa ameshika kamba ya nyavu, macho yakafumba. Puuu, majini. Wenzake walimvuta kwa shati. Boya hakuwa nalo. Tungekuwa tumezika.

Ndiyo nikaanza kusoma mambo ya usingizi, na nilichoelewa ni hiki. Usingizi unaendeshwa na vitu viwili. Cha kwanza ni uchovu unaojikusanya. Ukiwa macho, kwenye ubongo inajilimbikiza kemikali inayoitwa adenosini. Kadiri unavyokaa macho ndivyo inavyozidi kukusukuma ulale, na ukilala inapungua. Kahawa inafanya kazi kwa kuziba mlango wa hiyo adenosini. Na kafeini haitoki haraka: saa tano hivi baada ya kunywa, karibu nusu yake bado imo mwilini.

Cha pili ni saa ya mwili. Ipo ndani ya ubongo na inarekebishwa na mwanga. Giza likiingia mwili unatoa melatonini, homoni inayotangaza kwamba usiku umefika. Mwanga mkali usiku, uwe wa taa ya dagaa au wa kioo cha kompyuta, unaichelewesha.

Hivi viwili vikienda pamoja unalala vizuri. Vikigombana, umekwisha. Mwangalie braza. Wiki nzima na zaidi anakesha mbele ya taa, saa yake imeshazoea kwamba usiku ni kazi. Asubuhi analala kwenye kibanda cha mabati, joto, kina mama wanaanika dagaa mchangani na kupiga stori, watoto wanalia. Analala vipande vipande. Mbalamwezi ikifika analala mchana kutwa kulipa deni. Jioni uchovu umeshapungua, na saa yake bado inamwambia "nenda ziwani". Sasa usingizi utoke wapi? Hapo hakuna mchawi, ndugu zangu.

Na mwezi wenyewe unaweza kuwa na mkono wake, hata kwa asiyevua. Mwaka 2021 ulitoka utafiti uliopima watu wa jamii ya Toba huko Argentina pamoja na wanafunzi wa chuo mjini Seattle, Marekani. Siku chache kabla ya mwezi mpevu watu walichelewa kulala na walilala muda mfupi zaidi, hata wale wa mjini kwenye taa kila kona.

Kuamka amka usiku nako si lazima uwe ugonjwa. Hapa hapa Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, watafiti waliwavalisha Wahadzabe watu wazima 33 vifaa kama saa za mkononi kwa siku 20. Matokeo yalitoka mwaka 2017: katika siku zote hizo, muda ambao wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja ni dakika 18 tu. Muda mwingine wote kulikuwa na mtu macho. Na usingizi wa kawaida wenyewe unakwenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi, mzito zaidi mwanzoni, wa ndoto zaidi kuelekea asubuhi. Kushtuka kidogo katikati ni kawaida.

Mimi na braza tukanunua madaftari mawili, tukaandika usiku 30: umelala saa ngapi, umeamka saa ngapi, umekunywa nini, mvua, joto, mbu. Siku zote nilikuwa najisemea "mimi silali kabisa". Daftari likanisuta! Usiku mbaya ulikuwa 8 tu, na mwingi ni ule niliokaa kwenye kompyuta mpaka usiku mkubwa, au niliokunywa kahawa jioni pale mtaani. Za braza mbaya zilikuwa zimejipanga: zile tatu nne za mwanzo wa mbalamwezi, kisha anaanza kutulia, kisha giza linarudi na mambo yanaanza upya.

Alikwenda hospitali, daktari akampangia namna ya kuacha vile vidonge. Zingatieni hapa: kama umevitumia muda mrefu usiviache ghafla, muone daktari, na usivichanganye na pombe hata siku moja. Sasa siku ya kwanza ya mbalamwezi analala saa chache tu mchana, anaamka, anatembea juani. Siku za giza anaziba dirisha la kibanda kwa turubai na kulala saa zile zile. Kabla ya kuingia ziwani anapiga usingizi mfupi. Na boya anavaa.

Kwa hiyo wadau, usihukumu usingizi wako kwa usiku mmoja. Usiku mmoja mbaya ni kama siku moja ya kukosa dagaa, hauuzi mtumbwi kwa hilo. Angalia mwezi mzima. Lakini kama hulali usiku mitatu au zaidi kwa wiki, na imefika miezi mitatu, au unakoroma mpaka pumzi inakatika, nenda hospitali. Duka la dawa halina jibu hapo.

Muda wangu umekwisha, kuna dogo amesimama nyuma anasubiri kiti. Je, wewe usiku wako mbaya ni upi? Hebu tuambie hapo chini, hasa wa Ukerewe, Musoma na Bukoba. Alamsiki.