Paul Singer, tajiri wa New York aliyefuata madeni ya Brazzaville na Argentina mpaka bandarini

Tarehe 2 Oktoba 2012, meli ya mafunzo ya jeshi la majini la Argentina, ARA Libertad, ilikuwa bandarini Tema, huko Ghana, ikiwa na watu zaidi ya 300. Ilipotaka kuondoka, ikaambiwa isisogee. Amri ilitoka tribinali ya Accra. Aliyeiomba ni kampuni inayoitwa NML Capital, iliyoandikishwa kwenye visiwa vya Cayman, ambayo ilisema Argentina ina deni lake na haitaki kulipa. Nyuma ya NML kulikuwa na mfuko wa Elliott, na nyuma ya Elliott kulikuwa na mwanasheria mmoja wa New York, Paul Singer.

Hapa kwetu mashariki jina hilo halisikiki sana. Ng'ambo ya mto, Brazzaville, wakubwa wanalijua vizuri, na si kwa heri.

Singer alizaliwa mwaka wa 1944 katika familia ya Kiyahudi, akakulia Teaneck, muji mdogo wa New Jersey. Baba yake alikuwa na kazi ya famasia. Alisoma elimu ya saikolojia katika chuo kikuu cha Rochester, kisha sheria kule Harvard, ambako alimaliza 1969. Hiyo diploma ya sheria ndiyo ufunguo wa habari yake yote. Matajiri wengi wa Wall Street wanategemea hesabu, lakini huyu alitegemea mikataba: kuisoma neno kwa neno, na kujua ni tribinali gani ya kugonga mlango.

Mwaka wa 1977 alifungua mfuko wake kwa dola milioni 1.3, nyingi zikiwa za marafiki na watu wa jamaa. Akaupa jina Elliott, ambalo ni jina lake la katikati. Mfuko wa aina hiyo hauchukui feza za kila mtu sawa na benki. Unachukua za matajiri na mashirika makubwa, kisha meneja anakuwa na uhuru wa kununua karibu kila kitu anachoona kitaleta faida. Leo Elliott inasimamia zaidi ya dola bilioni 70, na miaka ya hasara tangu 1977 inahesabika kwenye vidole vya mkono mmoja.

Soko la hisa lilipoanguka mwaka wa 1987, Singer aligeukia zaidi biashara ya madeni mabovu. Ili kuielewa, twende sokoni Kadutu. Mama mmoja anauza mchele. Amekopesha jirani dola 100, na jirani ameandika karatasi. Miaka mitatu inapita, hakuna kitu. Mama amechoka. Siku moja anakuja bwana aliyevaa vizuri na kumwambia: nipe hiyo karatasi, nitakupa dola 30 leo. Mama anakubali, bora 30 mkononi. Kesho yake bwana yule anampeleka jirani tribinalini na kudai dola 100 zote, pamoja na riba ya miaka mitatu na gharama za avoka. Kwetu tunajua benki Lambert na riba zake za kukausha damu, lakini hii ni kitu kingine: bwana huyu hakukopesha mtu hata franka moja. Alinunua hasira ya mwingine kwa bei ndogo.

Sasa weka inchi mahali pa jirani. Mwaka wa 1996 Elliott ilinunua madeni ya Peru kwa dola karibu milioni 11.4. Wakopeshaji wengine walikubali kupunguza, Elliott ilikataa. Mwaka wa 2000, kisha tribinali ya Brussels kuzuia njia ambayo Peru ilitumia kulipa wadai wengine, Lima ilisalimu amri na kutoa karibu dola milioni 58.

Kwa Congo-Brazzaville, kampuni ya Elliott iliitwa Kensington International. Ilinunua kwa bei ya chini madeni ya zamani ambayo serekali ilikuwa imeacha kulipa, na kufikia mwaka wa 2003 majaji wa London walikuwa wamekwisha kuipa haki ya kudai zaidi ya dola milioni 100. Kupata hukumu ni jambo moja, kupata feza ni jingine. Brazzaville inauza mafuta ya petroli, lakini kila mara avoka wa Kensington walipofuata shehena, waliambiwa mafuta yale si ya serekali, ni ya kampuni fulani.

Basi wakachimba. Mwezi wa Novemba 2005, jaji wa London aliamua kwamba kampuni zile zilikuwa mchezo wa kuficha mali. Mafuta yalitoka kwa shirika la taifa la petroli, SNPC, yakapita kwa kampuni ya hapa na ya pale, moja yao ikiandikishwa Bermuda, na nyuma ya kampuni hizo mbili alikuwa mtu yule yule mmoja, mkubwa wa sekta ya mafuta ya inchi. Jaji alikubali Kensington ichukue dola milioni 39 ambazo zingelipwa kwa shehena moja.

Hayakuishia hapo. Katika kesi ya Hong Kong, avoka hao walipata karatasi za kadi ya benki ya Denis-Christel Sassou-Nguesso, mtoto wa raisi, ambaye wakati ule alikuwa na cheo katika uuzaji wa mafuta ya inchi. Shirika la Global Witness likazitangaza mwaka wa 2007. Kulikuwa na manunuzi kwenye maduka ya kifahari ya Paris, Monaco na Dubai. Wapinzani na mashirika ya raia ya Brazzaville walikuwa wakilia juu ya feza za mafuta kwa miaka mingi bila kupata hata karatasi moja. Mfuko wa matajiri wa New York ulizipata, kwa sababu ulikuwa na uwezo wa kulipa avoka kwenye mabara matatu.

Hapo ndipo watu wanagawanyika juu ya Singer. Wanaomtetea wanasema: kama kungekuwa hakuna wizi, asingekuwa na cha kufukua, na inchi yenye mafuta haina ruhusa ya kujificha nyuma ya maskini wake. Ni kweli. Lakini mwananchi wa Pointe-Noire asiye na maji ya bomba hakupata kitu katika kesi hiyo. Feza zilitoka kwenye mfuko mmoja ambao hakuwahi kuuona, zikaingia kwenye mwingine ambao hatauona kamwe. Tena wakati ule ule wakopeshaji wengine walikuwa wakijiandaa kusamehe Brazzaville madeni katika mpango wa PPTE, uliokamilika Januari 2010. Wanaosamehe wanaacha nafasi, na asiyesamehe anaijaza.

Kinshasa nayo ilikutana na tai wa namna hiyo, ingawa huyu hakuwa wa Singer. FG Hemisphere, mfuko mwingine wa New York, ulinunua deni la Energoinvest, kampuni ya Sarajevo iliyofanya kazi ya nyaya za umeme wa Inga wakati wa Mobutu. Deni likavimba kwa riba mpaka karibu dola milioni 100. Mfuko ukajaribu kukamata feza za Wachina zilizohusu migodi yetu, kupitia Hong Kong, ukashindwa mwezi wa Juni 2011 kwa kura za majaji watatu dhidi ya wawili. Ukajaribu mali ya Gécamines kupitia kisiwa cha Jersey, na Julai 2012 majaji wa juu kule London wakasema Gécamines ni kampuni yenye maisha yake, haiwezi kulipa deni la serekali. Siku ile Gécamines ilipona kwa sababu ya sheria, na si kwa sababu mtu alikumbuka deni la Inga na kulipanga mapema.

Ubelgiji ilichukua hatua. Kensington ilipokamata msaada wa Ubelgiji uliokuwa unaelekea Brazzaville, bunge la Brussels lilipitisha sheria mwaka wa 2008 kulinda feza za misaada. Mwaka wa 2015 ikaja nyingine kali zaidi: anayenunua deni la inchi kwa bei ya kutupa na kufanya kesi, tribinali inaweza kumpa bei aliyonunulia tu, bila zaidi. NML ilienda mbele ya mahakama ya katiba ya Ubelgiji kuipinga, ikashindwa mwaka wa 2018.

Lakini ushindi mkubwa wa Singer ulikuwa Argentina. Inchi hiyo iliacha kulipa madeni mwishoni mwa 2001. Karibu asilimia 93 ya wadai walikubali, mwaka wa 2005 na 2010, kupokea kama theluthi ya haki yao. NML ilikataa. Meli ya Tema iliachiwa Desemba 2012, kwa amri ya tribinali ya kimataifa ya sheria ya bahari iliyoko Hamburg, lakini hofu ilibaki. Mwezi uliofuata, raisi Cristina Kirchner alisafiri na ndege ya kukodi, maana ya serekali ingeweza kukamatwa njiani. Jaji wa New York, Thomas Griesa, aliamua kwamba Argentina haiwezi kulipa waliokubali bila kulipa waliokataa. Buenos Aires ikakwama tena Julai 2014. Raisi mpya, Mauricio Macri, alipatana nao mwaka wa 2016, na Elliott peke yake ikaondoka na karibu dola bilioni 2.4, mara nyingi kuliko ilizotoa.

Kwa kampuni za watu binafsi, Singer anatumia mtindo mwingine. Elliott inanunua hisa, mara nyingi asilimia chache tu, kisha inaandika barua: badilisheni mkurugenzi, uzeni tawi hili, mnapoteza feza yetu. Hiyo ndiyo maana ya kuitwa mwekezaji mwanaharakati. Mwaka wa 2015 ilipinga kuunganishwa kwa kampuni mbili za Samsung, ikashindwa kwa kura. Baadaye ikajulikana kwamba serekali ya Korea Kusini ilisukuma mfuko wa pensheni upige kura ya ndiyo, na mwaka wa 2023 waamuzi wa kimataifa waliiambia Seoul iilipe Elliott zaidi ya dola milioni 50. Seoul ilikataa uamuzi huo na kwenda London kuupinga. Twitter mwaka wa 2020, kampuni ya ndege ya Southwest mwaka wa 2024: zote zilipata barua, na zote zilimpa viti katika baraza la utawala.

Vijana wa mpira watamkumbuka zaidi kwa AC Milan. Mchina Li Yonghong aliinunua kutoka kwa Berlusconi mwaka wa 2017 kwa feza ambazo sehemu yake Elliott ilimkopesha. Julai 2018 alishindwa kuweka euro milioni 32, na timu ikaenda kwa mdai. Elliott ililipa madeni, ikakata mishahara mikubwa, ikaleta vijana. Mei 2022 Milan ilikuwa bingwa wa Italia, mara ya kwanza tangu 2011. Mwaka huo huo ikauzwa kwa RedBird, mfuko mwingine wa Marekani, kwa euro bilioni 1.2, na sehemu ya feza za kununulia, RedBird ilikopa kwa Elliott.