'Gadi' lafaa kuliko 'ulinzi' katika jiu-jitsu

Katika makala ya leo ninaangazia istilahi moja ya jiu-jitsu ya Brazil: guarda. Kwa Kireno, ni hali ambapo mpiganaji aliyelala chali humzuia mpinzani kwa miguu. Tafsiri inayojitokeza haraka ni 'ulinzi'. Hata hivyo, naona inapotosha. Mwanafunzi akiambiwa 'jilinde', atafunika uso na kusubiri. Kumbe aliye chali hajashindwa. Kwa miguu hiyohiyo anaweza kumpindua aliye juu, hata kumtia kabali.

Ninapendekeza 'gadi' (LI-YA). Kwa mabaharia, gadi ni mti unaoegemeza chombo kilichopwelewa kisilale ubavu. Miguu nayo humtegemeza mpinzani asishuke. Basi kupita gadi ni kuliondoa: unabana nyonga, unavuka miguu, unatulia ubavuni mwake. Mashindanoni, ukimdhibiti hapo sekunde 3 unapata alama 3. Naye aliye chini hujihami kwa kurudisha goti katikati kabla kifua hakijamfikia.

Mwalimu akisema "Rudisha gadi!", mwanafunzi atajua kwamba kazi ni ya miguu, si ya mikono.