Kuhimili Dhoruba kwa Vyombo vya Tanga katika Mialo ya Geita, Ziwa Victoria

Mkoa wa Geita, ulioanzishwa mwaka 2012, unafahamika zaidi kwa dhahabu. Hata hivyo, kaskazini mwake umepakana na Ziwa Victoria, na katika mwambao huo, wenye mialo kama Nkome, mtumbwi wa mbao wenye tanga ni chombo cha riziki. Makala hii inafafanua namna chombo hicho kinavyoongozwa katika dhoruba kali, na kwa nini ujuzi wa Bahari ya Hindi hauhamishiki ziwani bila marekebisho.

Tofauti ya kwanza ni upepo. Baharini, nahodha hupanga safari kwa misimu ya kaskazi na kusi. Ziwani, mzunguko unaotawala ni wa siku moja. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Pepo za pande zote hukutana juu ya ziwa, hewa yenye unyevu hupanda na kuzaa mawingu ya radi. Kwa hiyo dhoruba nyingi huzuka kati ya usiku wa manane na asubuhi, saa zilezile ambazo wavuvi wa dagaa huwa majini na taa zao.

Tofauti ya pili ni maji yenyewe. Mawimbi ya ziwani ni mafupi, yenye mwinuko mkali na hufuatana kwa karibu. Aidha, maji baridi ni mepesi kuliko ya bahari kwa takribani asilimia 2.5, hivyo shehena ileile huzamisha chombo zaidi kidogo.

Kutokana na hali hizo, hatua ya kwanza ni kutua tanga kabla upepo haujafika. Foromali ikishushwa, uzito hutoka juu na chombo hutulia. Tanga likichelewa hulowa, huwa zito na kukilaza chombo. Pili, omo huelekezwa kwenye mawimbi kwa makafi, kwani wimbi la ubavuni hupindua. Tatu, nguvu za wapigakafi zikipungua, nyavu zilizofungwa kamba huachiwa majini kutoka omo ili mvuto wake uzuie chombo kugeuka. Nne, watu huketi chini katikati, hukumba maji kwa zamu, na mzigo hutoswa ikibidi.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huonya kuhusu eneo na siku; hauwezi kuamua ni dakika gani tanga lituliwe. Uamuzi huo hufunzwa kwa kuketi miaka kadhaa karibu na mshika usukani. Kijana anayetoka mgodini Geita au katika mashamba ya pamba ya Shinyanga na kuingia ziwani moja kwa moja hukosa mafunzo hayo. Hivyo basi, kuyaandika maarifa haya kwa Kiswahili na Kisukuma ni suala la usalama wa maisha, si la kuhifadhi urithi pekee.