Barua Pepe Taka: Namna ya Kuzitambua na Kuzichuja

Kijana wa Gonja Maore anayeomba kazi serikalini kupitia Ajira Portal hujisajili kwa anwani ya barua pepe. Vivyo hivyo mzabuni anayetumia mfumo wa NeST. Ikiwa kisanduku chake kimejaa matangazo asiyoyaomba, ya dawa za kupunguza uzito, kamari au utajiri wa haraka, taarifa muhimu yaweza kupita bila kusomwa.

Mara nyingi mtumaji wa matangazo hayo si mwenye bidhaa. Ni wakala anayelipwa kamisheni kila mtu anapobofya kiungo na kununua. Kiungo hubeba namba ya utambulisho wake, ili malipo yamfikie. Kwa kuwa kutuma barua kwa maelfu ya watu hugharimu kidogo, wanunuzi wachache humtosha. Ndiyo maana hachagui wa kumtumia.

Dalili zake ni hizi: hakutaji kwa jina, hukuharakisha kwa maneno kama "leo tu", na hukuelekeza kwenye kiungo kirefu kisichotaja bidhaa. Soma anwani yote ya mtumaji, si jina linaloonekana tu. Anwani rasmi za taasisi za Serikali yetu huishia na .go.tz.

Ukiitambua barua taka, chukua hatua hizi:

1. Usiijibu wala kubofya kiungo chochote, hata kile cha kujiondoa, iwapo humfahamu mtumaji. Kubofya humthibitishia kuwa anwani yako inatumika.

2. Iripoti kuwa ni taka badala ya kuifuta tu. Programu ya barua pepe hujifunza na kuzitenga zinazofanana nayo.

3. Weka kichujio kwa anwani au maneno yanayojirudia.

4. Kagua folda ya taka kila wiki, kwani kichujio hukosea. Ukikuta humo barua halali, iondoe na kuitia alama kuwa si taka.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayetuma matangazo ya biashara apate ridhaa ya mlaji, ajitambulishe tangu mwanzo, na atoe nafasi ya kuyakataa. Kwa hiyo mwananchi anayezikataa barua hizi anatumia haki yake.

Wanaotafuta ajira na zabuni wanashauriwa kuwa na anwani ya pekee kwa shughuli hizo, wasiyoiandika kwenye tovuti za bahati nasibu wala zawadi.